Kurasa Zilizogeukia Ukuta

Klabu ya Mashua, Jinja
29 Agosti 1976

Dada yangu Selpher,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye cherehani yako, si kitandani na malaria. Mimi sijambo, isipokuwa jino la nyuma ambalo limeamua kunifanya mtumwa wake. Mama ameandika kutoka Bungoma kwamba mahindi yamekubali mwaka huu. Shangazi Beldina naye, yule wa Bandari ya Sio upande wetu wa Kenya, anasema miguu imevimba, kutwa anashinda barazani akitazama ziwa na kuwagombeza wavuvi. Hajabadilika. Hapa Jinja sukari tunaisikia kwa jina tu.

Nakuandikia Kiswahili, siyo Kibukusu chetu, kwa sababu ndicho wanachokielewa watu wote wanaoweza kuishika barua hii njiani. Nao nawasalimu, hamjambo?

Sasa jambo lenyewe. Nilikueleza habari za Afande Sebit wa kambi ya jeshi ya Kimaka, ambaye ndiye mlezi wa klabu tangu Wazungu waondoke. Mwezi huu alikwenda Ulaya kwa kazi za serikali, akarudi na gazeti la mashua, jipya kabisa. Akanifungulia ukurasa wa katikati, akaweka kidole. Mashua nyeupe pe, tanga jekundu, na mwanamke amelala pale mbele amevaa vitambaa viwili ambavyo hata wewe fundi ukiviunga havitoshi mfuko wa suruali. Akasema, "Wanyama, hii. Siku ya sherehe ya mapinduzi, Januari, nataka niwe juu yake, wageni wanione." Nikasema ndiyo, afande. Ungesema nini wewe?

Nikaomba nikae na gazeti lile siku moja. Dada, nilikasirika kweli. Unajua mimi kazi hii nilijifunza kwa magazeti, yale ambayo Wazungu walikuwa wakiyatupa kwenye sanduku nyuma ya baa, nami nikayasoma na kamusi pembeni. Yale ndiyo yalikuwa magazeti! Picha chache, za kijivu, maneno mengi, na kila ukurasa kuna mtu anakuonyesha namna ya kufanya kitu. Mwalimu fulani kajenga mashua sebuleni kwake mpaka mkewe kahamia kwa mama yake, naye anaeleza alivyokata mbao na alivyokosea, ili mwenzake asikosee vilevile. Kuna mchoro, kuna vipimo, kuna barua za wasomaji wanatukanana juu ya gundi. Hili la sasa nimeligeuza mbele na nyuma, sikuona hata msumari mmoja. Saa za mkononi, sigara, pombe, miwani ya jua. Mashua zote ni za plastiki, zinatoka kiwandani kama sahani. Hakuna anayemweleza mwenzake kitu, kila mtu anauza. Zamani gazeti lilikuwa linafundisha, sasa linatongoza tu.

Kwa hiyo nalihitaji lile gunia la magazeti ya zamani nililompa shemeji Apollo. Humo ndani mna mchoro wa mashua ndogo ya plaiwudi, ambayo mbao zake zinashonwa kwa waya wa shaba halafu zinapakwa gundi. Ile naiweza. Nikiijenga ile nikaipaka rangi nyeupe, afande hataona tofauti. Bila mchoro sitaiweza. Na unamkumbuka Semei, fundi mwenzangu wa hapa? Alipewa kazi ya injini ikamshinda. Hayupo klabuni tena. Basi, sina zaidi.

Msalimie sana shemeji Apollo. Mwambie ile drafti aliyonishinda aliiba kete, na bado nataka turudie. Wilkista mbusu kwa niaba ya mjomba.

Ni mimi mdogo wako,
Wanyama


Namatala, Mbale
20 Septemba 1976

Mdogo wangu Wanyama,

Barua yako nimeipata, imekaa njiani mpaka bahasha imechakaa. Pole na jino, ling'oe, unaogopa nini na uzee huo? Sisi hatujambo. Wilkista ameota meno mapya mawili, anaringa nayo mtaa mzima. Mvua inashuka kutoka mlima Wanale kila jioni na matope yamefika mlangoni. Nashona sare za shule, lakini uzi ni wa kutafuta kama dawa. Apollo anakusalimu. Yuko njiani na lori.

Kuhusu gunia, utanisamehe. Hakuna gunia. Krismasi iliyopita Apollo alipika sufuria nzima ya uji wa muhogo, akayabandika magazeti yako yote ukutani. Usinipigie kelele! Namatala yote tunafanya hivyo, vumbi la ukuta lisituangukie kwenye chakula, na nyumba ipendeze. Wewe mwenyewe ulisema, "Chukueni, mimi nimeshayasoma."

Tena alifanya kazi nzuri mno. Unajua karatasi ina sura mbili. Ile yenye rangi aliitoa nje, ile ya kijivu yenye mistari mistari na namba akaipaka uji ikatazama ukuta. Nani anataka kulala huku anatazama namba? Kwa hiyo ulichokisema juu ya magazeti haya mimi nakiona kutoka kitandani. Karibu na mlango ni yale ya zamani, rangi ni kidogo sana, sabuni na makoti ya mvua. Kuja huku kitandani ni yale ya mwisho mwisho, na humo kila mtu anacheka na ana meno meupe. Wilkista anapenda ya huku. Mimi napenda ya mlangoni, ila sikujua ni kwa nini mpaka nilipokusoma.

Tafuta njia nyingine, mdogo wangu. Wewe una kichwa.

Ni mimi dada yako,
Selpher wa Apollo


Klabu ya Mashua, Jinja
2 Oktoba 1976

Dada Selpher,

Hujambo? Hamjambo wote? Mimi jino nimeling'oa, umefurahi?

Ukutani! Na uji wa muhogo! Sikuelewa kama nicheke au nijitupe ziwani. Lakini nimefikiri, na mambo hayajaharibika. Uji wa muhogo si gundi ya maana. Kitambaa cha maji moto, ukikanda polepole karatasi inaachia yenyewe. Shemeji Apollo ana mikono mizuri, nimemwona akitengeneza kabureta. Aibandue yeye.

Sitaki ukuta mzima. Nataka kurasa za ile mashua ya kushona tu. Naukumbuka ukurasa wake wa kwanza kwa sababu nyuma yake kuna tangazo la koti la mvua la manjano, na mwanamume mwenye kiko. Mkimwona yule, mchoro uko mgongoni kwake, na kurasa mbili zinazofuata ziko karibu naye.

Afande anapita kila Jumamosi na gazeti lake kwapani. Anakaa kwenye kiti, analifungua, ananitazama, analifunga. Mbao ameshaleta, plaiwudi nzuri sana, sijauliza zimetoka wapi. Zimeegemea ukuta zinanisubiri. Amesema, "Semei alikuwa anasema kesho, kesho." Kitambulisho changu cha Kenya anakiweka yeye, ati kisipotee.

Msalimie shemeji Apollo, mwambie namtegemea.

Wanyama


Namatala, Mbale
30 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo. Wilkista alikuwa na kikohozi lakini kimepoa. Kuku wetu mmoja ameliwa na mbwa wa jirani, na jirani anajitia hamnazo.

Huyo mwenye kiko tunamjua. Ni wa zamani, lakini Apollo alimpenda akamleta huku juu ya kitanda, sawasawa na kichwa chake. Apollo anamwita Bwana Mkubwa, kila akiamka humwamkia, "Shikamoo, Bwana Mkubwa, kutanyesha leo?" kwa sababu ya lile koti. Wilkista naye ameshika hiyo hiyo.

Nimemwambia Apollo habari yako. Anasema ukuta usiguswe. Ni msimu wa mvua, ukibandua udongo utaanguka. Amechoka, amelala, hataki kusumbuliwa. Sasa mimi nifanye nini? Nyumba ni yake.

Huwezi kuikumbuka kwa kichwa? Umeisoma mara ngapi hiyo mashua?

Selpher wa Apollo


Jinja
8 Novemba 1976

Selpher,

Barua hii anakuletea Eseza, yule mama Mgisu anayeleta vitunguu soko la Jinja. Nimemwamini, maana alipoona ninavyoangalia nyuma, yeye mwenyewe alisema, "Andika, nitaiweka mahali ambapo hakuna mwanajeshi atapapasa." Kwa hiyo leo naandika bila adabu.

Nimechoka kuzungushwa! Septemba Apollo yuko njiani na lori. Oktoba amelala, amechoka, hataki kusumbuliwa. Lori gani? Tangu yale ya Julai, Wakenya walipoanza kukamatwa, dereva Mkenya gani anaendesha lori Uganda? Mnanificha nini nyie wawili? Kama mumeo ananionea choyo karatasi nilizompa kwa mkono wangu mwenyewe, aandike yeye, asijifiche nyuma ya gauni lako. Mwanamume mzima anang'ang'ania tangazo la koti!

Sikiliza, nikuambie kama ilivyo. Semei hakufukuzwa kazi. Walikuja wakamwita katikati ya chakula cha mchana, akasema anakuja kumaliza sahani yake. Ile sahani niliiosha mimi. Mke wake alikuja mara moja tu, akaambiwa hapa hakujawahi kuwa na mtu wa jina hilo. Mimi nimebaki kwa sababu moja, afande anataka mashua. "Wewe ni Mkenya wangu," ananiambia, na kunipiga bega. Siku ya sherehe ikifika mashua haipo, mimi ni Mkenya wa nani?

Kwa kichwa nimejaribu. Nimekata mbao mbili, zikakutana mbele, nyuma zikaachana nafasi ya kupitisha mkono. Plaiwudi ya afande nimeshaiharibu, na nimeificha chini ya matanga mabovu. Maji yamenifika shingoni, Selpher. Ukuta au mimi. Mwambie Apollo achague.

Wanyama


Namatala
21 Novemba 1976

Wanyama mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Mwambie Eseza akae nawe.

Apollo hayupo. Walimchukua Julai, stendi ya malori, saa za mchana watu wote wakiona. Walimwomba leseni, wakaona ni ya Kenya, wakamwambia avue viatu. Akavivua, akavipanga vizuri kama anaingia kwa mkwe, wakamtia kwenye buti ya gari. Turnboi wake, yule msaidizi wa lori, ndiye aliyeniletea viatu. Viko chini ya kitanda. Nimevipiga rangi.

Usiniulize kwa nini sikukuambia. Nakujua. Ungepanda gari la kwanza, ungefika getini kwao na mdomo wako huo, na leo ningekuwa na jozi mbili za viatu chini ya kitanda. Na sikutaka kuandika, Wanyama. Nikiandika "Apollo yuko njiani," kwa muda wa barua ile yuko njiani. Unanielewa? Wilkista ninamwambia hivyo hivyo.

Ule ukuta ni mikono yake. Kuna mahali kidole chake kimebaki kwenye uji, nakiona taa ikiwa chini. Ndiyo maana nilikuwa nakuzungusha. Sikuwa na choyo cha karatasi.

Lakini uliposema sahani ya Semei, niliweka birika jikoni. Nimezibandua mwenyewe, kwa mvuke na kitambaa, asubuhi mpaka adhuhuri. Bwana Mkubwa ametoka mzima. Ukurasa wa pili umetoka mzima. Wa tatu nusu umebaki ukutani, wino umeshika chokaa, mistari inasomeka kinyume. Nimekaa chini nikaicheka hiyo mashua, maana hii si mashua, hii ni gauni! Ni vipande vya kukata na kuunga pembeni, kama vile ninavyokata kila siku. Hapo ndipo ulipokosea wewe, umekata upande wa juu na wa chini sawasawa, wakati mmoja unatakiwa uwe na mpindo zaidi, kama kiunoni. Nimekunakilia vipande vyote kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo, kwa kipimo chake kamili. Eseza ameviweka chini ya gunia, vitanuka vitunguu. Weka juu ya plaiwudi, chora, kata. Usijifanye unajua zaidi.

Nilipokuwa nabandua nimeona kitu. Kwenye kurasa za zamani watu hawatutazami. Kila mtu anatazama kamba aliyoshika, au mbao, au mawingu. Kwenye zile mpya wote wanatutazama sisi. Sijui kwa nini jambo hilo limeniuma, lakini limeniuma. Nimekuta pia hadithi ya karani mmoja wa posta kwao aliyeivuka bahari nyembamba peke yake kwa mashua hii hii ya kushona, na mkate na chupa ya chai. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, lakini ile nimeielewa yote. Ukurasa huo nimebaki nao.

Sasa nisikie. Wewe unamwona afande kila Jumamosi. Muulize. Jina lake ni Apollo Simiyu, dereva, Mbale, Julai. Yeye anaweza kujua, au anaweza kumuuliza anayejua. Nimewauliza mapadri, nimewauliza makarani, hakuna anayenijibu. Sihitaji wamrudishe leo. Nataka kujua tu kama nimsubiri.

Eseza hajui kama atapita tena baada ya Krismasi, vizuizi vimezidi. Ikibidi uandike kwa posta, usiandike neno lolote juu yake. Akiwa hai, msalimie mwishoni mwa barua kama kawaida yako. Akiwa hayupo, usimsalimie. Nitaelewa.

Selpher wa Apollo


Jinja
19 Desemba 1976

Dada yangu,

Eseza ananisubiri, anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho mwaka huu. Nimeandika mwanzo wa barua hii mara nyingi nikachana. Nilimtukana mtu aliyepanga viatu vyake. Nisamehe. Nimelia kama mtoto, mbele ya Eseza, naye amelia, tumewatisha wanunuzi wa vitunguu.

Mashua imekubali. Nilivipanga vipande vyako juu ya plaiwudi, sikujifanya najua zaidi. Nikatoboa pembeni, nikashona kwa waya, na nilipoivuta mishono ikajikunja yenyewe ikasimama. Nilirudi nyuma nikakaa juu ya ndoo. Ni nzuri, Selpher. Imepakwa rangi nyeupe na tanga lake ni jekundu, nimelichovya mwenyewe kwenye rangi ya kitambaa, na mikono yangu sasa ni ya mchinjaji.

Afande amekuja na gazeti, akaliweka kando ya mashua, akatazama huku na huku. Akauliza kwa nini ya kwenye picha inang'aa zaidi. Nikasema ile imemwagiwa maji kwa ajili ya picha, afande. Akafurahi. Akauliza mwanamke atalala wapi. Nikamwonyesha. Anazunguka na gazeti lile miezi yote hii na hajawahi kuuliza inaendaje, inageukaje, upepo ukibadilika inakuwaje. Gazeti lake halina habari hizo.

Nitamuuliza. Siyo hapa nchi kavu, maana hapa kuna masikio. Nitamuuliza siku ya kuijaribu, tukiwa wawili majini, akiwa na furaha. Kumuuliza mtu kama yule habari za mtu ni kama kumwonyesha njia ya nyumbani kwako. Lakini nitamuuliza.

Na ile hadithi ya karani wa posta, najua kwa nini umenitajia. Usinitie mawazo hayo. Kitambulisho kiko mezani kwake, na wewe uko Namatala na mtoto. Wakinikosa mimi watakuja kwako.

Msalimie Apollo. Nimemsalimia, umeona? Leo bado namsalimia.

Wanyama


Klabu ya Mashua, Jinja
27 Januari 1977

Dada yangu mpenzi Selpher,

Salamu nyingi, na heri ya mwaka mpya ingawa umeshaanza kuzeeka. Mimi ni mzima kabisa, na natumaini barua hii inawakuta wazima. Nimeiandika kwa posta kwa kuwa Eseza simwoni sokoni siku hizi. Mvua hakuna, ziwa limetulia, wadudu wa majini wamejaa mpaka kwenye chai.

Sherehe zilifana sana. Mashua ilipendeza, wageni walipiga makofi, mpiga picha alikuja na kamera mbili. Afande alikaa pale mbele na miwani ya jua, na mama mmoja kutoka Kampala alilala mahali palipopangwa. Kila mtu alisema ni kama kwenye gazeti.

Siku ya kuijaribu, kabla ya sherehe, tulikwenda majini mimi na afande wawili tu. Alitaka twende mbali hadi nchi kavu isionekane nyuma yake, kwa sababu kwenye gazeti haionekani. Upepo ulikuwa mzuri. Alikuwa na furaha, anaimba. Hapo nikamweleza lile ombi lako ulilonituma.

Hakukasirika. Nataka ujue kwamba hakukasirika. Aliacha kuimba. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akauliza, "Dada yako ana kazi gani?" Nikasema ni fundi wa nguo, afande. Akauliza kama cherehani ni yako mwenyewe au ya kukodi. Nikasema ni yako. Akatazama maji, akasema, "Basi ni vizuri. Ana kazi. Hatalala njaa." Kisha akaniambia nigeuze mashua turudi.

Nikageuza.

Ameridhika sana na kazi yangu. Rafiki yake mmoja, afande mkubwa kuliko yeye, ameiona na yeye anataka ya kwake, kubwa kidogo, mwisho wa mwezi wa tatu. Kwa hiyo siji huko karibuni. Kitambulisho changu bado anakitunza yeye.

Msalimie Wilkista, mwambie mjomba anampenda. Wasalimie majirani wote, pamoja na yule mwenye mbwa. Msalimie Eseza ukimwona. Wasalimie wanaokuletea nguo za kushona. Msalimie Bwana Mkubwa na koti lake.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Wanyama


Namatala, Mbale
16 Februari 1977

Mdogo wangu Wanyama,

Barua yako imefika. Nimeisoma mpaka chini, nikaigeuza nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha. Nimeelewa. Asante kwa kumuuliza. Najua ulivyoogopa.

Wilkista ameniuliza kwa nini nimevaa kitambaa kichwani ndani ya nyumba. Nilimwambia. Alikwenda akavitoa viatu chini ya kitanda, akaviweka mlangoni vikitazama nje, akasema sasa baba anaweza kwenda. Sijui nani kamfundisha.

Mshukuru sana afande kwa kuuliza habari za cherehani yangu. Mwambie ni yangu kweli, na nimeifunga kwenye gunia, ninaondoka nayo. Mimi na mtoto tunakwenda kumwangalia shangazi Beldina, yule mwenye miguu. Amezidiwa na upweke. Eseza anatusindikiza kwa njia za kwao. Ukipata barua hii tutakuwa tumeshafika, kwa hiyo usiandike tena Namatala. Hapa hakuna mtu wa kutafutwa, na nyumba imechukuliwa na wengine.

Ukuta nimeubandua wote. Sikutaka wageni walale chini ya mikono yake. Zile kurasa za meno meupe nimewapa watoto wa jirani. Moja ya zamani nimeitia humu kwenye bahasha, ni ile ya karani wa posta. Ni gazeti tu, hadithi ya mashua, mtu yeyote akifungua aisome na ajifurahishe. Nawe isome tena, maana hujasoma kitu cha maana tangu afande akuletee lile la picha. Angalia hasa pale anapoeleza alivyoondoka kama mtu anayeijaribu mashua mpya tu, na mkate wake na chai.

Karatasi zangu za kukatia unazo. Rafiki wa afande anataka kubwa kidogo, basi ongeza kote sawasawa, usiongeze kiunoni. Ishone vizuri hiyo ya pili. Ishone kama unaishona yako.

Shangazi anashinda barazani akitazama ziwa, unamjua. Sasa tutakuwa watatu tunaotazama. Hatutakuuliza kitambulisho.

Ni mimi dada yako, na sibadilishi jina,
Selpher wa Apollo